Ndoo sita za jioni: kisa cha bustani ya nyumba moja ya Chamazi

Dada yangu na mumewe wanaishi Chamazi, Dar es Salaam, ukishapita Mbagala, kwenye kiwanja cha ishirini kwa ishirini. Nyumba ina watu saba: wao wawili, watoto watatu, mama yake shemeji ambaye sote tunamwita Bibi, na binti anayesaidia kazi za ndani, mzaliwa wa Singida, mwenye miaka 19. Mimi ni mama mdogo wa watoto hao, na riziki yangu naipata kwenye kitalu cha miche. Kwa hiyo Septemba 2023 walipoamua kulima mboga na matunda nyuma ya nyumba, niliitwa mimi nipange. Bustani niliyoipanga ilikufa ndani ya miezi mitano. Iliyokuja baada yake, kwenye kiwanja kilekile na udongo uleule, bado inaliwa.

Nakiandika kisa hiki chote kwa sababu wateja wangu wa Kinyerezi, Goba na Kigamboni wananiletea malalamiko yaleyale, na karibu kila mara lawama hupewa udongo. "Kichanga hiki hakifai." Kichanga kina shida zake, nitazieleza. Lakini katika nyumba hii kilichoua bustani kilikuwa swali ambalo hakuna aliyeliuliza siku ya kupima matuta: nani atabeba maji, kutoka wapi, na saa ngapi?

Walichokitaka

Dada yangu alichoshwa na kutojua anachokipika. Mama muuza genge la karibu alimwambia bila kuficha kwamba mchicha wake unatoka bondeni, Msimbazi. Wakazi wa Dar tunaujua mto ule na kila kinachotiririkia ndani yake. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliopima madini mazito kwenye mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, yakiwemo risasi na kadmi, na tangu hapo jambo hilo halijaacha kuwatia watu wasiwasi. Mkulima wa bondeni simlaumu, naye anatafuta, na bila yeye wengi wetu tusingekula mboga. Lakini nilimwelewa dada yangu. Alitaka kumpa mwanawe mboga ambayo anajua imenyweshwa maji gani.

Shemeji alitaka matunda. Bibi, aliyekulia Muheza, hakusema anataka nini, ila siku ya kwanza alikuwa wa kwanza kushika jembe. Watoto waliahidiwa kila mmoja tuta lake. Binti hakuulizwa. Narudia, hakuulizwa, na mimi mwenyewe sikumuuliza.

Nilichokipanga

Nyumba imekaa mbele ya kiwanja. Nyuma, upande wa kushoto, kuna choo na shimo lake. Upande wa kulia kuna jiko la nje na karo la kuoshea vyombo, na pembeni ya karo ndipo lilipo tenki la lita 1,000. Kona ya mbali kabisa palikuwa wazi, jua linapiga kutwa. Nikaichagua kona hiyo kwa sababu ya jua. Tukapima matuta sita, kila moja upana wa mita 1 na urefu wa mita 4: mchicha, spinachi, nyanya, bamia, karoti na maharage. Kando ya ukuta shemeji akapanda mwembe wa kubebeshwa, mchungwa, na mche wa parachichi aina ya Hass alioununua barabarani akitoka kazini.

Huo mche ningeweza kuuzuia siku ileile. Hass ni parachichi la baridi, Njombe na Rungwe ndiko linakostawi. Joto la pwani, mita chache tu juu ya usawa wa bahari, halilipendi. Lakini shemeji alikuwa na furaha kubwa, na nilinyamaza. Muuza miche anayenyamaza anamgharimu mteja mwaka mzima.

Mbolea tuliipata mtaani, magunia manne kutoka kwenye banda la kuku wa nyama. Tuliimwaga wikiendi ileile, tukapanda wikiendi iliyofuata.

Yaliyotokea, mwezi kwa mwezi

Oktoba, miche ya spinachi iliungua kingo za majani ndani ya siku tatu. Mchicha ukaota, kisha ukadumaa, majani ya njano kama yamepauka. Hapa kosa lilikuwa moja lenye sura mbili. Mbolea mbichi ya kuku ina amonia na chumvi nyingi, hivyo inachoma mizizi michanga. Halafu mbolea ya banda la kuku wa nyama ina maranda mengi, na vijidudu vinavyoozesha maranda hula naitrojeni iliyomo kwenye udongo kabla mmea haujaifikia. Mbolea ileile ingekaa miezi miwili au mitatu, ikinyunyiziwa maji, kufunikwa na kugeuzwa, mpaka isitoe joto wala harufu kali, ingekuwa dhahabu kwa kichanga cha Chamazi.

Novemba ikaja vuli ya El Niño. Mvua ile watu wa Dar hawajaisahau. Kwetu ilisafisha chumvi ya mbolea, ikanywesha matuta yote sita bila mtu kunyanyua kopo, na mchicha tuliourudishia mbegu ukafumka wote kwa pamoja. Kwa wiki moja dada yangu alikuwa anagawa mafungu kwa majirani. Wiki iliyofuata alikuwa gengeni tena. Tulikuwa tumesia tuta zima siku moja, kwa hiyo tulivuna tuta zima siku moja.

Nataka msomaji asimame kwenye mwezi huo wa Novemba, kwa sababu ndio uliotupoteza. Kila mtu aliamini bustani imeshika. Watoto walipiga picha. Mimi nilirudi kwenye kitalu changu nikihesabu kwamba kazi imekwisha. Kumbe mvua ndiyo iliyokuwa inafanya kazi ya mtu, na hakuna aliyekuwa anapima kazi hiyo ni kubwa kiasi gani.

Januari 2024 mvua zikawa za kukatikakatika na kaskazi ikawa inavuma yenye joto. Hesabu ya maji nitaifanya hapa wazi. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mboga za majani kwenye joto la Januari la Dar, kwa kukadiria, zinahitaji milimita 5 kwa siku, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba. Matuta yetu yalikuwa mita 24 za mraba. Hiyo ni lita 120 kila siku, ndoo sita kubwa za lita 20. Kutoka kwenye tenki hadi kona ile ni hatua 30, na ardhi ni mchanga unaozamisha mguu. Ndoo moja ina uzito wa kilo 20. Na tenki lenyewe halijazwi na bomba kila siku. Bomba likikaa kimya maji yananunuliwa kwa dumu kwenye kisima cha jirani.

Jumapili moja mwishoni mwa Januari nilifika jioni, kama saa kumi na mbili. Binti alikuwa anatoka tenkini na ndoo kichwani, kata ya kanga chini yake, mkono mmoja umeshika mdomo wa ndoo, mwingine unafukuza mbu shingoni. Alimwaga nusu ndoo kwenye mchicha, nusu kwenye spinachi. Akarudi. Safari ya nne aliishia kwenye bamia, akasimama, akaangalia jikoni ambako moto ulikuwa unawaka na maharage hayajabandikwa.

Nikamuuliza mbona hayo mengine hayapati.

"Shikamoo mama mdogo," akaanza na salamu, kwa sababu nilikuwa nimeuliza kabla ya kusalimiwa. Kisha akasema, "Yale ya mwisho huwa siyafikii."

Matuta ya mwisho yalikuwa ya karoti na maharage, yale ya watoto. Watoto wenyewe walimwagilia wiki mbili za kwanza, halafu shule ikafunguliwa na masomo ya ziada ya jioni yakaanza. Shemeji anarudi kutoka Kariakoo saa tatu usiku. Dada yangu anafika saa moja. Bibi ana magoti mabovu. Bustani ya familia ya watu saba ilikuwa imebaki kichwani kwa mtu mmoja, tena yule ambaye tayari anaosha, anapika, anafua na kumpokea mtoto wa chekechea mchana. Alikuwa anafanya kila alichoweza. Mimi ndiye niliyempa ndoo sita bila kumwambia.

Mizizi ya bamia

Kabla ya kueleza kilichobadilishwa, kuna jambo la udongo ambalo ni la haki kulitaja, maana si kila kifo kilitokana na kiu.

Mibamia ilikuwa inanyauka mchana hata siku ilipopata maji. Jioni inainuka kidogo, kesho inalala tena. Nyanya hivyohivyo. Niliung'oa mmoja mbele ya watoto. Mzizi ulitoka umevimba mafundomafundo, mengine kama punje ya mtama, mengine kama harage, umepinda kama vidole vya mzee mwenye baridi yabisi. Mtoto wa kati, aliyekuwa darasa la sita, akasema hayo ni mazuri, mwalimu amewafundisha kwamba mizizi ya kunde ina vifundo vinavyotengeneza mbolea.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi ninayoulizwa na watu wazima, nikamwonyesha tofauti. Kifundo cha kunde kimebandikwa pembeni ya mzizi: ukikisugua kwa kidole kinadondoka, ukikipasua ndani kina wekundu. Hiki cha bamia ni mzizi wenyewe uliovimba, hakitoki mpaka uukate mzizi. Ni kazi ya minyoo fundo, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inayoziba njia ya maji ndani ya mzizi. Inapenda udongo wa kichanga wenye joto, na bamia, nyanya na bilinganya ni chakula chake hasa. Mche mmoja wenye minyoo, au jembe lililotoka kwenye tuta lenye minyoo, linatosha kuisambaza.

Dawa ya dukani kwa ajili ya minyoo hii sikuitaka karibu na jiko lenye watoto. Tulichofanya nitakieleza mbele.

Na jambo la maji ya kisima: yana chumvi kidogo, unaihisi ukisukutua. Maharage na karoti ni miongoni mwa mazao yasiyovumilia chumvi kabisa. Spinachi inavumilia vizuri. Kwa hiyo hata kama Binti angeyafikia yale matuta ya mwisho, kwa maji yale yasingetoa kitu cha maana.

Kikao cha jamvini

Februari 2024 tulikaa wote uani, na safari hii nilimwomba dada yangu Binti akae nasi, asiwe mtu wa kuleta maji ya kunywa na kuondoka. Nilieleza hesabu ya ndoo sita. Shemeji akauliza kama tununue mpira wa kumwagilia. Ningekubali, lakini mpira unahitaji bomba lenye msukumo, na tenki la chini halina.

Bibi ndiye aliyeitatua, akiwa anachambua mchele. "Kwetu bustani ilikuwa pale tunapomwagia maji. Hakuna mtu aliyekwenda kumwagilia. Ulikuwa unaosha mboga, unamwaga, basi."

Mwenyewe wala hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo, lakini mimi niliona ramani yangu yote inageuka. Nilikuwa nimepanga kwa kufuata jua na nafasi. Yeye alipanga kwa kufuata miguu ya watu wa nyumba: mahali wanapopita kila siku, mikono ikiwa tayari na maji. Nikasimama nikahesabu hatua kutoka karoni. Kati ya karo na ukuta wa jiko palikuwa na ukanda mwembamba ambao sikuutazama mara mbili, kwa kuwa mchana jiko linauwekea kivuli. Jua linafika hapo kuanzia saa moja asubuhi hadi kama saa saba mchana. Saa sita za jua zinatosha kabisa mchicha, spinachi na matembele, na kivuli cha alasiri Januari ni neema.

Kisha nikamuuliza Binti yeye angepanda nini. Alikaa kimya kidogo, akamtazama dada yangu, halafu akasema mgagani na mlenda. Kwao Singida mboga hizo ndizo zinazobaki wakati nyingine zimekauka.

Bustani ya pili

Machi, masika yalipoanza, tulichimba matuta mawili tu, mita 1 kwa 4 kila moja. Jumla mita 8 za mraba, lita 40 kwa siku ya joto kali, ndoo mbili, hatua nane kutoka karoni. Tena tuliyachimba ya kuzama, sentimita kumi chini ya usawa wa ardhi, yale mabwana shamba wanayoyaita mbonyeo. Kwenye kichanga tuta la kuinuka linakauka pande zote, wakati la kuzama linashika maji na matandazo hayapeperuki. Kila mita ya mraba ilipata ndoo mbili za mboji iliyokwisha kuoza, nyeusi na inayonukia udongo wa mvua. Juu tukatandaza majani makavu ya mgomba.

Maji yaligawanywa hivi. Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda yanakwenda moja kwa moja kwenye matuta. Maji ya suuza ya nguo yanakwenda kwenye migomba na mipapai, kwenye shina, hayagusi mboga za majani. Maji ya kwanza ya kufulia yenye sabuni nyingi, maji yenye jiki na maji ya nguo za mtoto hayaingii bustanini kabisa. Maji ya bafu yalichimbiwa mfereji mfupi hadi kwenye shimo la migomba miwili. Wazee wa pwani wamepanda migomba nyuma ya bafu miaka yote, na walijua walichokifanya: mgomba unakunywa kuliko kitu chochote uani.

Tuta la kwanza lilikuwa la mchicha. Tuliligawa vipande vinne, kila kimoja mita 1, na tunasia kipande kimoja kila Jumamosi. Mchicha unavunwa wiki ya nne, hivyo cha kwanza kikivunwa cha nne kinaota. Mambo yale ya kugawa kwa majirani Jumatatu na kununua gengeni Jumatatu inayofuata yakaisha. Tuta la pili ni nusu spinachi na nusu mgagani wa Binti. Shemeji mwenyewe ndiye aliyependekeza kwamba nusu hiyo iwe ya Binti, avune, auze, fedha iwe yake. Kumwagilia asubuhi ni kwake, jioni ni kwa watoto wawili wakubwa kwa zamu. Niliogopa mgagani hautapata wateja Chamazi kwa uchungu wake. Nilikosea, mtaa ule una Wanyaturu na Wasukuma wengi kuliko nilivyodhani, na walimfuata mpaka mlangoni.

Matembele tulipachika vipando vya urefu wa shubiri mbili pembeni ya mfereji wa bafu. Wiki ya sita yalianza kuchumwa. Kwenye ua tulichomeka matawi ya kisamvu cha mpira. Mti huo haujui kiangazi, majani yapo mwaka mzima. Kazi yake iko jikoni, maana lazima utwange na uchemshe sana ili sumu yake itoke, ndipo uungie nazi au karanga.

Kona ya mbali hatukuiacha, ila tuliipa kazi isiyohitaji ndoo. Masika ilipandwa karanga, ambazo aina zetu za minyoo fundo hazistawi kwenye mizizi yake, na baada ya karanga tuliiacha wazi, tukaifunika kwa nailoni angavu wiki sita ili jua liukaange udongo. Kuku wa jirani waliokuwa wanaparua matuta ya zamani wakakosa sababu ya kuja.

Wadudu tumepambana nao kwa njia za kawaida. Vidukari walipoingia kwenye mgagani tulitwanga majani ya mwarobaini, tukaloweka usiku mmoja, tukachuja, tukatia kijiko cha sabuni ya maji na kupuliza jioni, chini ya majani walikojificha. Lilinitia wasiwasi zaidi pipa la maji lililowekwa karoni. Dar imepata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anazaa kwenye maji yaliyotuama majumbani, ndani ya mapipa, makopo na magurudumu, kwa muda unaokaribia wiki moja. Pipa lilifunikwa kwa kipande cha chandarua cha zamani na mpira, na linasuguliwa kila Jumamosi. Ningependa kila anayeanzisha bustani uani alichukulie hilo kwa uzito kama mbegu.

Matunda

Parachichi lilikufa Februari. Mchungwa upo, haujafanya lolote. Mwembe ulikuwa mita tatu tu kutoka shimo la choo, na mwembe ukikua mizizi yake haiombi ruhusa. Tuliuhamisha ungali mdogo, wakati wa masika, ukapelekwa mbele ya nyumba. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini chenye nyumba kinabeba mti mmoja mkubwa. Vingine viwe vidogo: ndimu, komamanga, mstafeli, mpapai, mgomba.

Mipapai tuliipanda Machi, mashimo matatu, kila shimo miche mitatu. Shemeji alishangaa kwa nini msongamano. Mpapai unaotokana na mbegu ya tunda la sokoni huwezi kujua ni dume au jike mpaka utoe maua. Agosti yakatoka. Dume linaning'iniza vishada virefu vyenye maua madogo mengi. Jike linabana ua moja nene shinani mwa jani. Tukang'oa yaliyozidi, tukabakiza jike kwa kila shimo na dume moja kwa ajili ya uchavushaji. Papai la kwanza liliiva Januari 2025. Shemeji alilikata mwenyewe, vipande saba.

Pasheni haikufika mbali. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika upande wa Mafia, upepo wake uliangusha chanja yetu ya miti na kamba, na hatujaisimamisha tena.

Hali ilivyo

Mtoto wa kati alikuwa anaandika kwenye daftari kila siku mama yake anaponunua mboga ya majani. Kabla ya bustani ilikuwa karibu kila siku. Julai 2024, wakati wa kipupwe, ilikuwa mara mbili kwa wiki. Januari 2025, joto liliporudi, ilipanda hadi mara nne. Bustani ya mita 8 haiondoi genge, na sikumwahidi dada yangu hivyo. Inampa mboga ya siku tatu hadi tano kwa wiki ambayo anajua ilikunywa nini.

Nyanya bado zinanunuliwa. Tulizijaribu kwenye viroba, kwenye udongo mpya, ili kukwepa minyoo fundo, na tuliikwepa. Kisha akaja kantangaze, yule nondo aliyeripotiwa nchini mwaka 2014, ambaye kiwavi wake anachimba njia nyeupe ndani ya jani na kutoboa tunda chini ya kikonyo. Kwa viroba sita sioni sababu ya nyumba hii kuanza kupuliza sumu. Wakija kwenye kitalu kuomba miche ya nyanya, nawapa ya nyanya chungu, nayo tunaiweka kwenye viroba pia.

Swali ambalo halijapata jibu ni la Binti. Ana mpango wa kwenda kusoma ushonaji, na ni haki yake kwenda. Januari alienda Singida wiki tatu kusalimia, na ile ilikuwa mara ya kwanza bustani kubaki bila yeye. Nilipita siku ya tano. Mgagani ulikuwa umelala, hakuna aliyekumbuka asubuhi. Mchicha ulikuwa mzima. Mtoto wa mwisho alikuwa amechuchumaa karoni na kopo mkononi, anamsubiri bibi yake amalize kuosha mchele.